Kilo za kafyu: vile utazitoa pole pole na wali wa nazi uendelee kula

Kafyu ya korona hapa Kenya, ile ya kukataza watu kutoka usiku, iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, sikukuu ya Mashujaa, rais wa wakati ule Uhuru Kenyatta yuko Kirinyaga anahutubia na huku majumbani ni vigelegele. Sasa kilo zile zilizoingia kati ya Machi 2020 na siku ile hazikuisikia hiyo hutuba, ziko mpaka leo, zimekaa kiunoni raha mustarehe, na kila mwaka mpya mtu asema huu ndo mwaka wangu, kisha ikifika Disemba yuko palepale ama kaongeza mbili. Haya nimeandika kwa ajili ya huyo. Niko Mombasa kwa hivyo mifano yangu ni ya huku, lakini ukiwa Nairobi, Kampala ama Muscat utajiona ndani manake sote tulifungiwa, tofauti ni tarehe tu. (Watanzania nyinyi mlifungiwa shule na mpira basi, mwaweza kusoma huku mkitucheka.)

Kwanza tuelewane ziliingiaje

Usipojua zilivyoingia utapigana na kitu kingine kabisa. Watu wengi hujiambia nilikuwa mvivu, nilikuwa mlafi, halafu wajiadhibu na dayeti ya matango na maji ya ndimu, wiki mbili hivi, wiki ya tatu ushawaona kwa mama wa viazi karai. Mie naona uvivu hauhusiki sana hapa. Kilichovunjika ni ratiba. Siku ya mtu ilikuwa na nguzo zake, saa ya kutoka, saa ya kula, saa ya kurudi, saa ya kulala, na nguzo zile ziling'olewa zote ndani ya wiki mbili tatu.

Chukua mtu wa Likoni afanyaye kazi mjini. Atoka kwake kwa miguu mpaka kivukoni, ateremka ule mteremko na umati, ndani ya feri amesimama, upande wa pili apanda ule mlima huku mkokoteni wamsukuma kwa nyuma, atafuta matatu, ashuka, apanda ngazi ghorofa ya tatu manake lifti imekufa, adhuhuri aenda msikitini na kurudi, alasiri tena, jioni yote yale kwa kinyume. Huyo mtu hajawahi kulipa jimu hata siku moja na kila siku ana zaidi ya saa nzima ya mazoezi ambayo hata hayahesabu. Sasa tarehe 27 Machi 2020 kafyu ikaingia, saa moja usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Tarehe 8 Aprili Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, hakuna kuingia hakuna kutoka. Tarehe 6 Mei Mji wa Kale ukafungwa peke yake, mtu wa Kibokoni hatoki hata kwenda Makadara. Misikiti na makanisa kimya mpaka Julai, na ilipofunguliwa ikawa watu 100 na saa moja tu, wazee na watoto mwanzoni wakaambiwa wakae nyumbani. Yule mzee aliyekuwa akienda msikitini mara tano kwa siku kwa miguu yake alikuwa akiwashinda vijana wote wa mtaa kwa mazoezi, na siku moja akaambiwa kaa kitini.

Na jikoni ni hatua kumi kutoka kitini.

Halafu Ramadhani ya mwaka ule ikaingia mwisho mwisho wa Aprili, katikati ya mambo yote hayo, taraweh msikitini hakuna, baraza hakuna, kutembeleana hakuna, basi kutoka futari mpaka daku mtu ni sahani na simu, kaimati zikiisha yaja sambusa, sambusa zikiisha kuna uji, na mchana hana pa kwenda amelala. Wengine walianza kuoka keki na mikate wakapiga na picha kabisa. Yaani chakula kilikuwa ndo burudani iliyobaki.

Na hii haikuwa Mombasa peke yake. Marekani watafiti waliwafuatilia watu 269 waliokuwa na mizani za kuunganisha na simu, wakaona tangu amri ya kukaa nyumbani ianze uzito ulikuwa ukipanda kiasi cha gramu 270 kila siku 10. Sasa hiyo ni robo ya sukari ile ya kupimiwa dukani na kufungwa kwa karatasi, nani ataiona mwilini? Hakuna. Ndo manake haikumshtua mtu, miezi ikapita, na Februari 2021 chama cha wanasaikolojia cha kulekule Marekani kilipouliza watu wazima, asilimia 42 wakasema wameongeza uzito ambao hawakuutaka, na nusu ya hao wameongeza kilo 7 hivi ama zaidi. Uingereza naye waziri mkuu wao wa wakati ule Boris Johnson, baada ya korona kumlaza ICU Aprili 2020, alitoka akasema wazi alikuwa mnene kupita kiasi, Julai akaanzisha kampeni ya kuwapunguza wenzake.

Kwa hivyo ziliingia robo robo kupitia ratiba iliyovunjika, na zitatoka robo robo kupitia ratiba iliyorudishwa. Ndo mpango mzima wa hapa chini.

Pima, lakini usipime kwa dera

Wakati wa kafyu wanawake waliishi ndani ya dera na wanaume kikoi na fulana, na hizo ni nguo zisizo na habari ya kukupa, dera halina kiuno, kikoi wakifunga popote tumbo linapoishia. Ndo unakuta mtu kaenda harusini baada ya mwaka, gauni halipandi, akamlaumu fundi.

Tafuta kamba ama uzi mrefu. Simama umeegemea ukuta bila viatu, mtu akupimie kutoka kisiginoni mpaka utosini, kata hapo. Ikunje katikati, sasa izungushe tumboni usawa wa kitovu, ngozi kwa ngozi si juu ya nguo, baada ya kutoa pumzi kawaida, na usivute tumbo ndani manake unamdanganya nani. Ncha mbili zikikutana ama zikipitana, uko vizuri. Zikibaki mbalimbali, ule mwanya ndo kazi yako. Kipimo hiki ndo wanaotoa miongozo ya afya Uingereza wanakipendekeza, kiuno kiwe chini ya nusu ya urefu wako, na mie nakipenda kwa sababu hakitaki hesabu wala betri. Kama una futi ya fundi, Shirika la Afya Duniani husema mwanamume akipita sentimita 102 na mwanamke akipita 88 basi hatari ya sukari, presha na moyo imepanda sana.

Mizani nayo ni sawa, yule kijana wa kupima njiani kwa shilingi kumi atosha, ama duka la dawa, ila iwe mizani ileile kila mara na siku ileile ya wiki, asubuhi kabla ya chai, umeshatoka chooni. Mara moja kwa wiki tu. Ukipanda kila siku utaona kilo imeongezeka kwa sababu jana ulikula chumvi, utakata tamaa bure. Andika kwenye ile kalenda ya duka iliyo ukutani, na kile kipimo cha kamba piga fundo pale kilipofika leo, uje ulinganishe mwisho wa mwezi.

Rudisha saa kabla hujagusa chakula

Hapa ndo wengi huruka, wao moja kwa moja ni nimeacha wanga, nimeacha hiki. Wiki ya kwanza usiache kitu. Andika tu saa, kila kitu kinachoingia mdomoni na saa yake, mpaka kile kionjo ulichokula umesimama jikoni na ile ganda la chapati ya mtoto. Siku tatu zatosha kuona ugonjwa uko wapi. Kwa wengi utakuta ni kati ya saa kumi jioni na saa sita usiku, huko ndo mchana wote unafidiwa.

Kafyu ilitufundisha kula mapema, kusema kweli hilo lilikuwa zuri, saa moja kila mtu yuko ndani amekula. Tabu ilikuwa kile chakula cha pili cha saa nne, manake mtu hana usingizi, sizoni ya runinga iko kipindi cha sita, na sufuria iko na ukoko. Kafyu imeisha lakini kile chakula cha pili kimebaki, na sasa hivi cha kwanza nacho kimesogea kwa sababu ya foleni, mtu afika kwake saa mbili na nusu ana njaa ya kufa.

Fanya hivi. Saa kumi ama kumi na moja, kabla hujaondoka kazini, kula kitu kidogo chenye uzito wake, yai la kuchemsha, njugu kiganja kimoja, ndizi mbili, ili ukifika nyumbani usiingie jikoni kama umetoka vitani. Chakula cha usiku kikiisha, jikoni kunafungwa, taa izimwe, sufuria ziingie kwenye friji ama zioshwe, piga mswaki. Ule mswaki ni mdogo lakini wafanya kazi, mtu akishaosha kinywa huona uvivu kuanza tena. Kama ni Ramadhani basi fungua na tende na maji, kaswali, halafu ndo urudi kula, utashangaa vile ile hamu ya kwanza inavyotulia ndani ya dakika kumi.

Kulala pia ni ratiba. Usingizi ukipungua, homoni ya njaa iitwayo grelini hupanda na ile ya kushiba, leptini, hushuka, kwa hivyo mtu aliyelala saa nane usiku akiamka saa kumi na mbili ataitafuta mandazi mchana kutwa na atadhani ni tamaa yake. Mtu mzima ataka masaa 7 hivi. Simu ilale sebuleni. Najua alamu iko kwa simu, nunua saa.

Na nyinyi mliobaki kufanya kazi nyumbani mpaka leo, jamani tokeni. Saa ileile uliyokuwa ukitoka kwenda kazini zamani, vaa, toka, zunguka mtaa dakika 15, rudi ukae kwenye meza. Jioni vilevile. Majirani watauliza, waambie umesahau kitu.

Chai

Nitakaa hapa kidogo kwa sababu kwetu pwani nusu ya kilo zile ziko ndani ya chupa ya chai.

Kabla ya korona mtu alikunywa chai nyumbani asubuhi, labda na moja ya saa nne kazini aliyoinunua kwa pesa yake. Alipofungiwa, chupa ikawa mezani mchana kutwa, ya asubuhi, ya saa nne, ya baada ya alasiri, ya wakati wa habari za saa moja kusikiliza wagonjwa wapya ni wangapi, na moja ya kulalia. Vikombe 5. Weka vijiko 3 kila kikombe, na hapo nimekuhurumia, ni vijiko 15 kwa siku, kijiko cha chai ni gramu 4 hivi, basi ni gramu 60 za sukari. Shirika la Afya Duniani husema sukari ya kuongeza isipite asilimia 10 ya nishati ya siku, kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 50, na ikishuka mpaka 25 ni bora zaidi. Kwa hivyo mtu ashapita mpaka na chai tupu, hajagusa mahamri, hajafungua soda ya nusu lita ambayo nayo ina zaidi ya vijiko 12 peke yake.

Usiache sukari kwa mara moja, utarudi na hasira. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ulimi huzoea, wiki ya nne uko kijiko kimoja na ukipewa ile ya zamani utaona ni shira. Ongeza tangawizi, iliki, mdalasini, ile harufu yadanganya ulimi vizuri. Na chupa iondoke mezani, chai ipikwe ya kunywewa pale pale, anayetaka nyingine ainuke akapike, nusu ya vikombe vitajifia kwa uvivu.

Kikwazo kikubwa ni kwamba nyumba nyingi huku sukari hutiwa ndani ya sufuria, bi mkubwa ameshakoroga na kuonja na ndo mwisho wa maneno. Hapo ni adabu tu. Amka mapema, simama karibu na jiko, sema, "Mama, nitekee yangu kabla hujatia sukari." Atauliza, "Kwani waumwa?" Mwambie la, nafuata daktari asinifuate. Siku mbili tatu atanuna kidogo, ya nne utamsikia akimwambia jirani kwamba sukari si nzuri.

Mahamri na mbaazi sijasema uache, nani ataishi. Geuza hesabu tu. Mtu hula mahamri manne na mbaazi za kuchovyea, wewe kula mawili na bakuli zima la mbaazi, manake mbaazi zina protini na nyuzi, zakaa tumboni, utafika adhuhuri bila kutapatapa.

Sinia, mafuta na tui

Kula sinia moja ni baraka na sisemi muache. Ila sinia halikuonyeshi ulichokula, mkono wafuata mkono, na anayekula pole pole ndo hulala na njaa kwa hivyo sote tumejifunza mbio. Wakati wa kafyu familia nzima ilikuwa nyumbani mchana na usiku, sinia mara mbili kwa siku, hapo hesabu ilipotea kabisa. Cha kufanya, chora eneo lako mbele yako kwa kidole kabla ya bismillahi, nusu yake ijae mchicha, kachumbari, bamia ama mabiringani, robo wali, robo samaki ama maharage. Likiisha limeisha. Ukihisi bado, kunywa maji, ngoja dakika 20 hivi, zungumza na watu, tumbo huchelewa kupeleka habari. Wanaokula kwa sahani zao kazi ni rahisi zaidi, badilisha ile sahani ya bakuli kubwa uchukue ndogo.

Mafuta ndo yanayofichika kuliko vyote. Kijiko kikubwa kimoja ni kalori 120 hivi, na sisi hatupimi, twamimina mpaka moyo uridhike. Funga kijiko na uzi kwenye shingo ya chupa ya mafuta, nimewaona watu wakifanya hivo na mafuta ya mwezi mmoja yakaenda mwezi na nusu, na kwa bei ya sasa hiyo peke yake yatosha kuwa sababu. Chapati moja ya wastani ni kalori 250 mpaka 300 kutegemea umeipaka vipi, kwa hivyo tatu na chai ya sukari ni chakula cha mchana kilichojiita staftahi. Viazi karai, bhajia na mihogo ya kukaranga vipe siku yake moja ya wiki, ule kwa furaha na ukwaju wake, kisha basi.

Tui sasa. Wali wa nazi haupigwi marufuku katika ukurasa huu. Ukikuna nazi, lile tui la kwanza zito lichukue kikombe kimoja tu kwa sufuria ya watu watano, maji mengine yote yawe tui la pili na la tatu, harufu inabaki, chumvi na iliki zafanya kazi yake, na hakuna atakayejua usipomwambia. Lile zito lililobaki weka la samaki wa kupaka Ijumaa. Na usipige kotekote siku moja, yaani wali wa nazi na maharage ya nazi na mchicha wa nazi, chagua kimoja.

Kutembea, ambako ndo tulikoibiwa

Aprili 2020 rais Museveni aliwakataza Waganda kukimbia barabarani makundi makundi, halafu akatoa video yuko ofisini, miguu mitupu, azunguka chumba mbio na kumalizia na push-up 30, ana miaka 75. Watu walicheka sana mtandaoni lakini mzee alisema jambo, chumba chatosha.

Anza na kurudisha ulichokuwa nacho. Shuka matatu stejini moja kabla ya yako. Ngazi badala ya lifti. Anayeweza kwenda msikitini kwa miguu aache boda, na anayetumwa dukani asimtume mtoto. Lengo la Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa wastani kwa wiki, ile kasi ya kuweza kuongea lakini huwezi kuimba, gawa upate dakika 30 siku tano na hata ukikata vipande vya 10 ni halali. Wale wa kuhesabu hatua, ile 10,000 ilianza Japani miaka ya 60 kwa ajili ya kuuza kifaa cha kuhesabia, haikutoka hospitali. Mtu anayefika elfu saba ama nane kila siku yuko vizuri, na mzee hata sita.

Mombasa wakati mzuri ni baada ya alfajiri, jua halijakasirika. Pale ufuoni Mama Ngina pana upepo na pana watu, kina mama huenda wawili watatu na mabuibui yao na raba, na kwenda na mwenzio ndo siri, siku unayoona uvivu yeye ashapiga hodi. Jioni pia ni raha lakini hapo jihadhari, pale Lighthouse ukishamaliza kutembea kuna karai la mihogo linakungoja na pilipili na ndimu, utarudisha yote na faida juu. Nunua dafu, kaa upande wa pili.

Mara mbili kwa wiki ongeza za nguvu, manake mtu akipunguza chakula peke yake hupoteza na misuli. Hazitaki kifaa. Simama mbali kidogo na ukuta, mikono ukutani usawa wa kifua, kunja viwiko mpaka pua iukaribie, jisukume urudi, mara 10. Kisha kaa kwenye kiti kigumu usimame bila kushika kitu, mara 10. Zunguka hivo mara 3. Mwenye magoti ya tabu aweke mto juu ya kiti kiwe kirefu, na mwenye presha ama sukari aongee kwanza na daktari wake, hasa kama anatumia dawa, manake uzito ukishuka huenda dozi ikabadilishwa.

Watoto

Shule zilifungwa kati ya Machi 2020 na Januari 2021, darasa chache tu ndo zilirudi Oktoba. Uganda wao walikaa mpaka Januari 2022. Miezi yote hiyo mtoto yuko flati, kucheza uwanjani marufuku, mkononi simu ya mama. Marekani wakaangalia rekodi za watoto zaidi ya laki 4 wakakuta kasi ya kuongezeka uzito ukilinganisha na urefu wao imekaribia mara mbili ya ilivyokuwa kabla. Huku sijui kama kuna haja ya takwimu, angalia sare.

Mtoto usimuweke dayeti na usimwite bonge mbele ya wageni. Yeye bado anakua, mara nyingi akishikilia uzito ule huku urefu unapanda, mambo hujinyoosha. Ataka dakika 60 za kucheza kila siku, mchezo wa kati, kamba, mpira, mbio za kuitana, chochote. Jusi ya pakiti na soda zisikae ndani ya nyumba, ziwe za sherehe. Na simu isile naye chakula, lakini hapo wewe ndo uanze kuiweka yako chini.

Kuna waliopungua

Nisiwasahau hawa manake mtu akisema lockdown basi kila mtu azungumzia vitambi. Hoteli za Diani na Nyali zilifunga, wapishi, wahudumu, vijana wa ufuoni, wenye tuktuk, mama wa vibarua vya kufua, wote hao kazi zilikatika mara moja na kukaa ndani kwao kulikuwa njaa. Wengine walirudi kula wakati kazi zimerudi na mwili ukapokea kwa pupa, tumbo likaja lakini mikono na mapaja yamebaki membamba. Ukiwa huyu, usianze na kupunguza. Anza na protini ya bei nafuu, omena, mayai, maharage, kunde, pojo, maziwa mala, na zile zoezi za ukuta na kiti. Kamba yako ya kiuno itashuka yenyewe hata kama mizani haitingishiki, na hiyo ni sawa kabisa.

Mambo ya kuepuka, haraka haraka

Chai za kusafisha tumbo zinazouzwa mtandaoni, nyingi ni dawa za kuharisha, zatoa maji si mafuta. Mkanda wa kubana tumbo, wakutoa jasho na unakubana pumzi. Sindano za kupunguza uzito za kununua kwa mtu wa WhatsApp, hizo ni dawa za kweli, zina daktari wake na zina wasiofaa kuzitumia. Muguka, yale majani ya kutafuna kama miraa, wa kuua njaa, huo waahirisha tu, mtu ashinda na soda na bigijii mchana kutwa, saa saba za usiku stimu ikiisha utamkuta na sinia la biriani.

Na usipunguze kwa kasi ya kujiumiza. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, wiki nyingine robo, wiki ya Idi ni sifuri ama umepanda, andika hivo hivo. Mwenye kilo 84 akitoa 4 tu, hiyo ni kama asilimia 5 na presha na sukari ya damu huanza kuona tofauti, huna haja ya kurudi uzito wa siku ya nikahi. Mizani ikigoma wiki tatu mfululizo, rudi kwenye kuandika saa kwa siku tatu, karibu kila mara utakuta kikombe kilichorudi ama kile chakula cha saa nne kimeingia kwa mlango wa nyuma. Ukikuta hakuna kilichorudi na bado wapanda, ama kinyume chake wapungua bila kujaribu, kiu haiishi na usiku waamka kukojoa kila mara, hiyo si ya kamba tena, nenda ukapimwe sukari na tezi ya shingo wiki hiyohiyo.